Sufuria Iliyoliwa na Kutu Bado Ni Sufuria

Jambo mama uliyeketi jikoni unachambua maharagi, jambo baba uliyerudi kutoka shambani na jembe begani, jambo vijana wa pikipiki na wa chukudu mnaopambana na tope la barabara ya Masisi kwenda Walikale. Na ninyi wa Mpofi, mlio pale katikati, ambapo vilima vya malisho vinaanza kuupisha msitu, jambo sana. Karibuni tuketi pamoja.

Leo tunaingia jikoni. Tutazungumza juu ya sufuria. Sisemi hizi nyepesi za alumini zinazong'aa sokoni. Nasema ile nzito, nyeusi, yenye masikio mawili, na mara nyingine yenye miguu mitatu chini, ile ya chuma cha kusubu. Wengi wenu mnaiita marmiti ya fonti. Ukiibeba kichwani unaisikia shingoni. Ukiiweka juu ya mafiga haiyumbi hata ukisonga bugali wa watu kumi na wawili.

Sasa nawauliza: ya kwenu iko wapi?

Najua jibu la wengi. Watu wa Masisi na Walikale wamefundishwa kukimbia na miaka mingi ya vita. Risasi zikianza kulia, mama anabeba nini? Anabeba mtoto, anabeba godoro au blanketi, anabeba kidumu cha maji, anabeba sufuria ndogo nyepesi ya kupikia uji njiani. Ile nzito inabaki. Inabaki jikoni, au inatupwa kwenye majani nyuma ya nyumba, au inafukiwa shambani ili wezi wasiione. Mvua ya huku kwetu mnaijua, haina huruma. Siku mtu anaporudi, anaikuta nyekundu kama udongo wa barabarani, kutu inamomonyoka vidoleni. Anaitazama, anasema, hii imekufa. Anaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa bei isiyotosha hata kilo ya chumvi, au anaigeuza kuwa chombo cha kunyweshea kuku.

Mpendwa msikilizaji, hilo ndilo lililonileta leo. Haijakufa. Narudia: haijakufa. Kutu ya sufuria ya chuma, hata ikiwa imeifunika yote ndani na nje, mara nyingi ni ya juu tu. Chuma chenyewe kiko chini yake, kizima. Na vitu vya kuirudisha kazini unavyo hapo nyumbani: mchanga, majivu, ndimu, makala na mafuta kidogo. Fedha haihitajiki. Inahitajika siku moja na subira.

Lakini kabla hujashika mchanga, tuichunguze kwanza, kwa sababu si kila sufuria nzito ni ya kurudishwa.

Je, ni chuma kweli? Chukua sumaku. Sumaku utaipata wapi? Nyuma ya spika ya redio iliyokufa kuna sumaku nzuri, waombe mafundi wa redio hapo kijijini. Ikinata kwenye sufuria, hicho ni chuma. Isiponata, hiyo ni alumini nene, na haya nitakayoyasema leo hayaihusu. Alumini haifanyi kutu nyekundu.

Je, ina ufa? Ishike kwa kidole kimoja sikioni, ining'inie, kisha igonge taratibu kwa kipande cha mti. Ikiwa nzima italia kwa sauti ndefu, yenye mwangwi. Ikiwa na ufa sauti inakuwa fupi, butu. Chuma hiki kina kaboni nyingi ndani yake, kati ya asilimia 2 na 4, ndiyo maana ni kigumu lakini hakipindiki: kikizidiwa, kinapasuka. Iliyopasuka usiipotezee muda. Na hata nzima utaipasua wewe mwenyewe ukimimina maji baridi ndani yake ikiwa imetoka motoni. Wengi wamezipoteza sufuria zao hivyo, kwa haraka ya kuosha.

Je, ndani ina rangi nyeupe au ya maziwa, laini, kama ya sahani? Basi imepakwa tabaka la kioo kilichoyeyushwa. Hizo nazo zina historia inayotugusa: mwaka 1925 Wabelgiji wawili, Armand Desaegher na Octave Aubecq, walianzisha kiwanda cha Le Creuset kaskazini mwa Ufaransa, wakawa wanasubu sufuria za chuma na kuzivika kioo cha rangi. Ya namna hiyo haipakwi mafuta wala haisuguliwi kwa mchanga. Na kama kioo chake cha ndani kimebanduka vipande vipande, usiipikie, kwa sababu vipande hivyo vitaingia chakulani.

Na sasa swali la nne, na hapa naomba msogee karibu na redio, hata wewe uliyekuwa unaongea na jirani. Sufuria hii ilifanya kazi gani kabla haijafika mikononi mwako?

Nauliza kwa sababu tunaishi katika nchi ya machimbo. Walikale inajulikana duniani kwa kasiteriti ya Bisie, lakini iko dhahabu pia, na palipo na wachimbaji wadogo wa dhahabu, mara nyingi pana zebaki. Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, zebaki inazikusanya chembe za dhahabu, kisha donge lile linachomwa motoni ili zebaki itoke kwa moshi na dhahabu ibaki. Linachomwa katika nini? Katika kijiko, katika kopo, katika kikaangio, katika sufuria yoyote iliyo karibu. Moshi ule ni sumu ya ubongo na ya figo, na kwa mtoto aliye tumboni ni mbaya zaidi. Masalia yake hujificha ndani ya kutu na katika vitundu vidogo vya chuma. Sufuria iliyochomewa zebaki haioshwi ikawa safi ya kupikia. Na wewe mwenyewe ukiipasha moto ili kuikomaza, unaweza kuuvuta moshi uliobaki. Vivyo hivyo sufuria iliyoyeyushiwa risasi ya betri za gari. Kwa hiyo ukinunua sufuria kuukuu karibu na machimbo, uliza ilikotoka. Ukikosa jibu, iache. Nasema tena, iache, hata kama ni nzuri, hata kama ni ya bure.

Ile unayoijua, ya bibi yako, ya parokia, ya nyumba ya zamani ya shamba la kahawa au la pareto, hiyo tuendelee nayo.

Nataka kusema neno kidogo juu ya chuma chenyewe, maana kuna vijana wanaodhani chuma kililetwa na Wabelgiji. Hapana. Katika nchi hizi za Maziwa Makuu watu wameyeyusha mawe ya chuma kwa zaidi ya miaka 2000. Kule Buhaya, karibu na Bukoba upande wa Tanzania, mtafiti Peter Schmidt alichimba tanuri za kale, na mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery wakachapisha katika jarida la Science maelezo ya ufundi ule, jinsi wahunzi walivyopuliza hewa kwa mivuo na kupata moto mkali ajabu ndani ya tanuri la udongo. Huku kwetu Kivu pia mhunzi alikuwa mtu mzito: jembe lilitoka kwake, mundu ulitoka kwake, mkuki ulitoka kwake, na mahari mara nyingine ililipwa kwa majembe.

Mbona basi mababu zetu walipikia katika vyungu vya udongo, na chuma wakawa nacho? Kwa sababu tanuri zao zilitoa donge la chuma laini lililofuliwa kwa nyundo. Donge lile halitiririki. Ili usubu sufuria unahitaji chuma kilichoyeyuka kikawa maji, kimiminwe katika kalibu. Wachina waliijua kazi hiyo kabla ya watu wa Ulaya kwa karne nyingi. Uingereza, ni mwaka 1707 Abraham Darby alipopata hati miliki ya kusubu vyungu vya chuma katika kalibu za mchanga, na baada ya hapo vyungu vya chuma vikawa bidhaa ya kawaida, vikapakiwa melini, vikafika bandarini Afrika, vikapanda hadi bara. Huku milimani vimekaa jikoni mwa misheni na katika nyumba za walowezi, na vimerithiwa mkono kwa mkono. Kwa hiyo sufuria ni ya kigeni, lakini mkono unaojua moto na chuma ni wetu tangu zamani. Kazi tutakayoifanya leo mhunzi yeyote wa Masisi ataielewa kabla sijamaliza kuieleza.

Haya, tukunje mikono ya nguo.

Kutu kavu inatoka ikiwa kavu. Usianze na maji. Tafuta brashi ya waya. Kama huna, omba kwa fundi wa pikipiki au kwa mhunzi. Kama hakuna kabisa, chukua mchanga mkavu wa mtoni na kitambaa kigumu cha gunia, sugua kwa kuzungusha. Sugua ndani, sugua nje, sugua chini, sugua masikio. Vumbi jekundu litatoka. Funga pua kwa kitambaa na watoto wakae mbali. Utafika mahali ambapo wekundu unaisha na rangi ya kijivu inaanza kuonekana. Hicho ndicho chuma chako, kinakutazama.

Mara nyingine chini ya kutu kuna mafuta ya miaka mingi yaliyoungua yakawa gamba nene. Mafuta yana dawa yake na kutu ina dawa yake, usizichanganye. Gamba la mafuta linalegezwa na maji ya majivu. Chukua majivu ya kuni, yaloweke, chuja, yale maji yanayoteleza vidoleni ndiyo dawa. Jaza sufuria, acha siku moja au mbili, kisha kwangua kwa kipande cha mti. Lakini angalieni: maji hayo yakiwa makali yanachoma ngozi na yanaweza kuharibu macho. Yafunike, yaweke mbali na watoto.

Kutu inayong'ang'ania baada ya mchanga, hiyo inalegezwa na uchachu. Siki kikombe kimoja kwa maji kikombe kimoja, au maji ya ndimu. Hapa nataka mnisikilize vizuri: nusu saa, kisha unatazama na kusugua. Si usiku kucha! Uchachu ukimaliza kutu hausimami, unaanza kula chuma chenyewe, na asubuhi utakuta sufuria imechimbika mashimo. Nusu saa, tazama, sugua, suuza. Ikibidi, rudia.

Na kosa jingine ninalolikataza kabisa: kuitupa sufuria katikati ya moto mkubwa wa kuni mpaka iwe nyekundu, eti moto utakula kutu. Moto huo unaweza kuipasua sufuria, na unaiachia ngozi mbaya ambayo mafuta hayaishiki. Moto wa wastani ndio rafiki wa sufuria hii.

Ikishakuwa safi, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, na mara ile ile, nasema mara ile ile, iweke juu ya mbabula yenye makala machache ikauke. Usiianike juani kwanza ukaenda kusalimia jirani. Chuma kilichovuliwa nguo kinashikwa na kutu mpya unapokitazama, hasa kwa unyevu wa huku. Utaona rangi ya chungwa inaanza kutambaa. Kausha kwa moto, si kwa jua.

Sasa tumefika kwenye mafuta, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Hapa ndipo wengi wanaharibu.

Tunataka nini tunapoipaka sufuria mafuta na kuipasha? Tunataka kuikomaza. Mafuta membamba sana yakiungulia juu ya chuma, hayabaki mafuta tena. Chembe zake zinashikana zenyewe kwa zenyewe, zinakuwa ngozi ngumu, nyeusi, iliyong'ang'ania chuma. Ngozi hiyo inazuia maji yasifike kwenye chuma, kwa hiyo hakuna kutu. Na chakula hakigandi, kwa hiyo hakuna kukwangua. Sufuria nyeusi ya bibi iliyong'aa, weusi ule ulikuwa ngozi ya mafuta ya miaka, si uchafu. Kuna wakwe waliozisugua sufuria hizo mpaka zikawa nyeupe wakidhani wanaonyesha usafi, na mama mkwe akalia.

Mafuta gani? Sisi mafuta yetu ya kwanza ni mawese, na Walikale haina njaa ya mawese. Yanafaa? Yanafaa, lakini ni mazito kushikana. Mnayajua yanavyoganda kwenye baridi ya milima ya Masisi. Mafuta yanayoganda kwa urahisi ni mavivu kufanya ngozi. Ukiwa na mafuta ya soya au ya alizeti, hata vijiko viwili tu, tumia hayo, yanashikana upesi na ngozi yake ni imara. Ukiwa na mawese peke yake, tumia mawese, lakini yapake membamba zaidi na uongeze mizunguko. Mafuta ya nguruwe yasiyo na chumvi yanafaa kwa anayeyala. Siagi hapana, ina mabaki ya maziwa, yanaungua na kunuka.

Fanya hivi. Pasha sufuria kidogo, iwe vuguvugu ya kushikika. Chovya kitambaa cha pamba katika mafuta, si cha nailoni, nailoni itayeyuka. Paka kila mahali, ndani, nje, chini, masikio, na mfuniko wake. Umemaliza? Sasa chukua kitambaa kingine kikavu, uyafute mafuta yote. Ndiyo, yote! Futa kana kwamba ulipaka kwa makosa. Utaona sufuria kana kwamba haina kitu. Inacho. Kilichobaki ndicho kinachotakiwa.

Kwa nini nasisitiza? Mama anayekandika ukuta wa nyumba kwa udongo anajua kwamba tabaka nene linapasuka na kuanguka, na tabaka jembamba juu ya jembamba linadumu. Mafuta mengi hayawi ngozi, yanakuwa gundi. Ukigusa sufuria baada ya kupoa na kidole kikanata, ujue mafuta yalizidi au moto ulipungua. Usiitupe, irudishe motoni mpaka iache kunata.

Igeuze kifudifudi juu ya makala yaliyokwisha kuwaka vizuri, iinue kwa mawe ili isiguse makala. Fanya kazi hii nje. Nje, wasikilizaji. Moshi wa mafuta unawasha macho, na hewa ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa inaua watu usingizini bila harufu wala kelele. Moshi utaanza, utazidi, kisha utapungua mpaka uishe. Ukiisha, kazi ya mzunguko huo imekwisha. Ni kama saa moja. Iache ipoe yenyewe polepole. Halafu paka tena, futa tena, pasha tena. Mara tatu, mara nne. Mzunguko wa kwanza utakuta rangi ya kahawia yenye mabaka, usikate tamaa. Wa pili inazidi kuiva. Wa tatu na wa nne weusi unaingia. Ukiona imegeuka kuwa kijivu kama majivu, moto ulikuwa mkali mno, umeiunguza ngozi. Punguza makala uendelee.

Na chakula cha kwanza kiwe nini? Kaanga. Kaanga sambaza kama mtu amekuletea kutoka ziwani, kaanga ndizi, kaanga viazi vyetu vya milimani. Kila ukikaanga unaongeza ngozi. Kwa wiki chache za mwanzo, nyanya nyingi na ndimu ziepuke, maana uchachu ule ule uliokula kutu utakula na ngozi changa. Usichemshe maji ya kuoga ndani yake. Usilaze chakula humo mpaka asubuhi. Sombe itageuka nyeusi na kuwa na ladha ya chuma. Sombe ya kawaida, iliyotiwa mawese, ipike bila hofu sufuria ikishakomaa, na maharagi vilevile.

Tena kwa maharagi ndipo sufuria hii inaponifurahisha kuliko zote. Ni nzito, inachelewa kupata moto. Kwa chai ya haraka haikufai, nawaambia ukweli. Lakini ikishashika moto haiuachii. Maharagi yaliyolowekwa tangu jana, yakichemka vizuri na mfuniko ukiwa umekaa sawasawa, unaweza kupunguza makala nusu na yaendelee kuiva taratibu. Ninyi mnaonunua gunia la makala mnajua bei yake, na mnajua misitu inayochomwa kulipata gunia hilo, hadi ndani ya Hifadhi ya Virunga. Sufuria inayotunza moto ni msaada kwa mfuko na kwa msitu.

Kuosha baada ya kula ni rahisi. Maji ya moto na kitambaa. Kama kuna kilichoganda, chumvi kidogo na kusugua. Sabuni kidogo haidhuru. Lakini hizi sabuni zetu za vipande, zinazopikwa kwa mawese na soda kostiki, zikizidishwa soda zinavua ngozi ya mafuta kama zinavyokausha mikono yenu. Kama sabuni inakuwasha mikono, usiitumie kwenye sufuria hii. Kisha kausha juu ya moto, pitisha kitambaa chenye tone la mafuta, futa, weka.

Kuna mama atauliza, je, chuma hiki hakiingii katika chakula? Kinaingia kidogo, na kwa wengi wetu hilo ni jambo jema. Mwaka 1999 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Ethiopia: watoto wadogo ambao chakula chao kilipikwa katika vyungu vya chuma kwa mwaka mmoja walikuwa na damu bora kuliko wenzao waliopikiwa katika alumini. Huku kwetu wajawazito na watoto wengi wanaumwa upungufu wa damu. Lakini nisieleweke vibaya. Damu inapunguzwa pia na malaria na minyoo, na sufuria haitibu malaria. Mtoto aliyepauka viganja apelekwe kituo cha afya leo, si kesho. Na familia yenye mtoto wa ugonjwa wa SS, yaani selimundu, anayeongezewa damu mara kwa mara, muulizeni daktari kwanza, kwa sababu watoto hao wanaweza kuwa na chuma kingi mno mwilini.

Na zile sufuria za alumini zinazosubiwa na mafundi wetu kwa vyuma chakavu, vipande vya injini, makopo, nyaya? Sipendi kuwaharibia mafundi riziki yao, wanafanya kazi ngumu. Ila lazima niseme ninalolijua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini ya namna hiyo kutoka nchi 10, na zaidi ya theluthi moja vilitoa madini ya risasi kwa kiwango cha kutia wasiwasi, hasa kwa chakula chenye uchachu. Risasi inadhuru akili ya mtoto, na madhara hayo hayarudishwi nyuma. Mwenye sufuria ya chuma nyuma ya nyumba, imefunikwa na majani, na anapika nyanya za watoto kila siku katika alumini ya chakavu, ana sababu nyingine ya kwenda kuichukua. Ikishakomaa na ngozi kuwa nene, mchuzi wa nyanya wa kawaida hautaishinda.

Bado nina dakika mbili, na nimezihifadhi kwa jambo ambalo vitabu vya upishi haviandiki, kwa sababu wanaoviandika hawakimbii. Tukipata habari mbaya, na ile nzito haiwezi kubebwa, tuiacheje?

Kama una nafasi hata ya robo saa, iache ikiwa kavu kabisa, imepashwa moto. Hapa, na hapa peke yake, paka mafuta mazito, mawese mengi, ndani na nje, usiyafute. Yatakuwa gundi, naam, lakini gundi inatoka kwa maji ya majivu, na kutu inakula chuma. Ndani weka vipande vikavu vya makala vinyonye unyevu. Usiifunge mfuniko kwa kubana. Weka kijiti katikati hewa ipite. Usiifukie ardhini. Ardhi ya Masisi na ya Walikale haikauki, na udongo mbichi ndio unaochimba mashimo katika chuma. Ipandishe darini, au juu ya boriti jikoni, ifungwe kwa gunia, au mpe jirani anayebaki. Na kama lazima ifichwe chini, basi iwe kifudifudi juu ya mawe, chini ya paa, mbali na maji yanayotiririka.

Kama hukupata hata hiyo robo saa, ukirudi anza na sumaku na brashi ya waya kama tulivyosema.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya vyungu vya udongo, jinsi ya kukichoma chungu kipya kwa uji kabla ya kukipikia, na kwa nini kinapasuka siku ya kwanza. Mwenye bibi mfinyanzi amlete karibu na redio. Kwaherini, na mpike vema.